Kampeni, korosho na presha: nilivyoipangia siasa nafasi yake

Huku kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, kalenda ya siasa na kalenda ya korosho zimelala kitanda kimoja. Uchaguzi Mkuu wa 2015 ulifanyika tarehe 25 Oktoba, wa 2020 tarehe 28 Oktoba, wa 2025 tarehe 29 Oktoba. Chaguzi za serikali za mitaa nazo zilikuwa 14 Desemba 2014, 24 Novemba 2019 na 27 Novemba 2024. Kampeni za Uchaguzi Mkuu huchukua kama miezi miwili kabla ya kura, kwa hiyo ngoma inaanza mwishoni mwa Agosti. Mkorosho hauangalii ratiba hiyo. Mabibo, yaani matunda yanayobeba korosho, yanaanza kudondoka Septemba, yanashamiri Oktoba na Novemba, na mvua ikianza kunusa Desemba, korosho iliyobaki chini imeshaingia hatarini. Mpenda siasa wa Mtwara au Lindi anaitwa mkutanoni katika wiki zilezile ambazo shamba, nyumba na mwili wake vinamhitaji kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Naandika kama mwanachama wa kawaida. Nimekuwa mhamasishaji, nimepanga viti, nimekaa wakala kituoni. Chama sitakitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza hayana rangi ya chama. Siasa sikuacha, wala simshauri mtu aache. Huku Kusini siasa ni bei ya kilo. Tuliokuwepo mwaka 2013 tunakumbuka joto la suala la gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na tuliokuwa na magunia ndani mwaka 2018 tunakumbuka serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kuisomba. Mtu aliyepitia hayo humwambii kwamba siasa haimhusu. Nilichotafuta ni namna ya kuipenda bila mama watoto kubeba mzigo wangu, na bila mimi kuanguka kwa presha kabla ya siku ya kura.

Nilianza na daftari. Wiki nne mfululizo niliandika kila jioni vitu vitatu: saa nilizotumia kwenye siasa, fedha iliyotoka, na kazi iliyolala. Saa za kuandika si za mkutano peke yake. Andika njia ya kwenda na kurudi, kijiwe cha kahawa, simu, na muda wa kusikiliza taarifa mbalimbali. Kwenye fedha andika bodaboda, vocha na vifurushi, soda za wageni, mchango wa mafuta ya gari la matangazo, na ule mchele ulioongezwa kwenye sufuria kwa kuwa wenzako walipita nyumbani. Mchele huo ndio unaosahaulika, na ndio mama watoto anaoukumbuka.

Hesabu ilinionyesha jambo ambalo sikulitegemea. Mikutano yenyewe ilinila saa 9 tu kwa wiki. Saa 22 zilikwenda kwenye mkia wake, yaani mazungumzo ya baada ya mkutano, ubishi wa kijiweni hadi saa 5 usiku, na makundi ya simu kitandani. Mkutano wa kampeni una mwisho. Ikifika saa 12 jioni kipaza sauti kinazimwa. Kijiwe hakina mwisho. Kwa hiyo sikupunguza mkutano hata mmoja. Nilikata mkia, na karibu kila kitu kingine kilirekebishika kutokea hapo.

Sasa shamba, maana hapa ndipo hasara ilipo, na wengi hawaihesabu kwa sababu haitoki mfukoni. Korosho iliyodondoka inatakiwa iokotwe siku hiyohiyo, ikishindikana sana, kesho yake. Bibo linatenganishwa na korosho kwa kuzungusha, na mabaki ya nyama yanaondolewa yote, kwa kuwa kipande kidogo kikibaki kinavuta ukungu. Korosho inaanikwa juani siku mbili hadi tatu, kwenye turubai au sakafu safi, huku inageuzwa, na jioni inafunikwa ili umande usiifikie. Utajua imekauka ukiitikisa na kusikia kiini kinagonga ndani, na ukucha ukigandamiza ganda hauachi alama. Hapo inaingia kwenye gunia la katani. Mfuko wa nailoni unafanya korosho itoe jasho na kuchacha. Gunia nalo linakaa juu ya chaga, si juu ya udongo wala kuegemea ukuta wenye unyevu.

Ukilala nje ya shamba siku nne kwa ajili ya ziara ya mgombea, korosho zilizodondoka siku ya kwanza zimekula umande usiku mara nne. Zikipata na manyunyu, zinabadilika rangi, nyingine zinaota, na ghalani hazipiti daraja la kwanza. Chukua nyumba yenye magunia 6 ya kilo 80, ni kilo 480. Gunia moja tu likishuka daraja au likiokotwa na wapita njia, hiyo ni sare za shule za watoto wawili na madaftari yao. Hesabu hii niliiandika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa bei ya mnada wa msimu uliotangulia, ili kila nikitaka kusema "nitaokota keshokutwa" niwe najua keshokutwa ina bei gani.

Hasara ya pili ni kangomba, yaani kuuza korosho kwa mnunuzi wa mtaani nje ya mnada. Mwenye kangomba anakuja na bakuli lake na fedha taslimu, anapima bakuli lililojaa kichuguu, anaandika kilo moja, na bei yake iko chini ya ile utakayopata ukipeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kusubiri mnada wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho inauzwa ikiwa ghalani nawe una risiti yake. Watu wanadhani anayeuza kangomba ni mvivu. Mara nyingi ni mtu aliyeishiwa fedha ndogondogo Oktoba, na katika mwaka wa uchaguzi fedha hizo zimekwenda kwenye bodaboda na vocha. Basi niliweka kiwango: shilingi 5,000 kwa wiki kwa mambo ya siasa, zimekaa kwenye kopo lake, zikiisha zimeisha. Kukopa kwa ajili ya chama ni marufuku nyumbani kwangu. Posho ya uwakala au ya uhamasishaji haiingizwi kwenye bajeti mpaka iwe mkononi. Ahadi ya posho hucheleweshwa, na ukiikopea sabuni dukani, deni linabaki la mkeo, kwa kuwa yeye ndiye anayepita mbele ya duka kila siku.

Niongeze kuhusu salfa, kwa kuwa watu husahau kwamba uchaguzi unaanza kuuma kabla ya kampeni. Kura za maoni ndani ya vyama hufanyika katikati ya mwaka, wakati mikorosho inatoa majani machanga na maua, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, uko kazini. Salfa inapulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande wa kuishika, na mzunguko unarudiwa kila baada ya siku 14 hadi 21. Ukiruka mzunguko mmoja, maua yaliyoungua hayarudi kwa salfa ya wiki ijayo. Kwenye kalenda yangu siku za salfa huandikwa kwa kalamu ya wino mwezi wa nne, na vikao huandikwa kwa penseli.

Siku yangu ya msimu ikawa hivi. Saa 12 asubuhi shambani, kuokota na kutenganisha mpaka saa 5. Nyumbani kula, kugeuza korosho zilizoanikwa, kupumzika. Saa 9 alasiri nakwenda mkutanoni. Saa 12 na nusu niko njiani kurudi, na saa 1 na nusu nakula na watu wangu. Siku za mkutano ni tatu kwa wiki, tulizokubaliana mapema. Siku ya nne ikijitokeza kwa ugeni wa kiongozi mkubwa, inabadilishwa na mojawapo ya zile tatu. Haiongezwi juu yake.

Makubaliano hayo yalihitaji kikao, na kikao cha kwanza kilishindikana kwa kosa ambalo ni rahisi kulikwepa. Mtu akija na ratiba ameshaiandika na kuisoma mbele ya mkewe, ataitikiwa "sawa" na hakuna kitakachobadilika. Mara ya pili nilianza kwa kuuliza, nikaandika anachosema yeye. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Baba Salma, siku ya mkutano nani anachota maji?" Anayeishi juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida, anajua uzito wa swali hilo. La pili lilihusu wageni: wanakuja wangapi, na wanakula nini. La tatu lilihusu mtoto aliyekuwa anatarajiwa kuingia jando Desemba, gharama zake ziko wapi. Ratiba ya siasa ikatoshea katika nafasi iliyobaki baada ya majibu hayo, na kwa kuwa majibu yalikuwa yake, aliilinda yeye mwenyewe kuliko mimi.

Kikaoni mwite mjomba wa watoto, kaka yake mama. Kwetu Wamakonde, na kwa majirani zetu Wamakua, Wamwera na Wayao, mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na mume anayeitikia "nimekusikia, shemeji" mbele yake amejifunga kweli. Upande wako njoo na dada yako mmoja, yule asiyekuogopa. Watu wanne wanatosha. Ukiita ukoo mzima kikao kinageuka mkutano wa hadhara. Fanya wiki tatu kabla ya kampeni, siku ambayo hakuna mgombea anayepita, na simu zote ziwekwe kwenye ungo hadi mwisho.

Tulikubaliana kwamba ukuta wa nyumba hautundikwi bendera wala picha, kwa kuwa nyumba ni ya watu wawili na kila mmoja ana kura yake. Kura ni siri hata ndani ya chandarua. Hakuna kumwuliza mwenzio amempigia nani, wala kumwapisha. Fulana na kofia za chama haziendi msibani, msikitini, kanisani wala kwenye ngoma ya watoto. Msiba wa mtu wa chama kingine unahudhuriwa tangu siku ya kwanza, pamoja na kazi ya kuchimba kaburi, siyo kuja kushika mkono na kuondoka. Hili nalisisitiza kuliko yote. Vijiji vyetu ni vidogo, na mtu aliyesusiwa msiba Oktoba anakumbuka miaka mitano, wakati mgombea mwenyewe amesharudi Dodoma au Dar es Salaam. Watoto hawapelekwi kwenye msafara siku ya shule. Maneno kama "msaliti" na "kibaraka" hayatamkwi juu ya ndugu, hata kwa utani, maana utani una watani wake na wakati wake. Shemeji akirusha neno la siasa tukiwa kwenye sinia, jibu ni moja: "Tutaongea barazani." Barazani ukimfuata, nusu ya hamu ya kubishana imeshakwisha.

Kwenye simu nina machache ya kusema. Makundi yote ya siasa niliyanyamazisha, nikabakiza moja la kazi. Nayafungua mara mbili, saa 7 mchana na saa 1 jioni, dakika 20 kila mara. Saa 3 usiku simu inachajiwa sebuleni. Nilinunua saa ndogo ya mezani ya kuniamshia, maana kisingizio cha "naamshwa na simu" ndicho kilichokuwa kinairudisha kitandani.

Presha ndiyo iliyonifunza kwamba ushabiki unapimika. Nilinunua mashine ya umeme ya mkanda wa juu ya mkono. Zile za kifundo cha mkono zinapotosha kirahisi, kwa sababu kifundo kisipokaa usawa wa moyo namba inakimbia. Mkanda uwe wa saizi ya mkono wako: wa kawaida unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na mwenye mkono mnene anahitaji ule wa 32 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa unakuzulia presha usiyokuwa nayo.

Namna ya kupima ni hii. Nenda haja ndogo kwanza. Ndani ya dakika 30 zilizopita usiwe umekunywa kahawa, umevuta sigara wala umebeba gunia. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Tulia dakika 5 kimya. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Siku ya kwanza itupe, kwa kuwa mwili bado unaishangaa mashine. Siku 6 zilizobaki zinakupa vipimo 24. Tafuta wastani wake. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, hiyo ni presha ya kupelekwa kliniki. Zahanati huhesabu kuanzia 140 kwa 90, kwa kuwa watu wengi hupanda kidogo wakiona koti jeupe.

Mwenye tabia ya kubishana huku anapimwa ajue kwamba kuongea peke yake kunapandisha namba. Redio izimwe. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa napima nikisikiliza taarifa ya habari, na daftari lote likawa halina maana, ikabidi nirudie. Niliporudia vizuri, wastani ulikuwa 158 kwa 98. Mganga aliniandikia amlodipini ya miligramu 5 kila siku. Dawa yako na kiasi chake anapanga daktari wako. Usinunue yangu kwa kusoma hapa.

Yanayoharibika msimu wa kampeni nimeyaona kwa wenzangu wengi, na yanajirudia. La kwanza ni kuruka dawa kwa kuwa "leo najisikia vizuri". Presha haina dalili kwa watu wengi. Kujisikia vizuri hakumaanishi presha imeshuka. Niliiweka pamoja na mswaki, kwa kuwa mswaki siusahau hata nikilala Newala au Masasi. Ukisahau ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho, meza ya kesho peke yake, usirundike mbili. Miguu ikivimba kwenye vifundo, amlodipini inaweza kusababisha hivyo, na kusimama kutwa nzima kunazidisha. Usiiache kimyakimya, rudi useme ubadilishiwe.

La pili ni dawa za maumivu. Baada ya siku ya kutembea nyumba kwa nyumba, mgongo unauma na duka la dawa linakupa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa za kundi hilo zinapandisha presha na kudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa za presha, na figo nazo zinaumia ukiwa na kiu. Mwambie muuzaji kwanza, "Nina presha", kabla hujataja maumivu. Mimi namaliza mengi kwa kukaa chini, maji ya uvuguvugu na kulala.

La tatu liko mezani. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi gramu 5, ambayo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye samaki, mkate na korosho za kukaanga. Huku pwani samaki mkavu ni kitoweo cha heshima, na sikumwacha. Tunamloweka saa moja, tunamwaga maji, tunaloweka tena, na mboga inayompokea haitiwi chumvi kabisa. Kisamvu cha karanga kinavumilia hilo vizuri. Mkutanoni wengi wanashinda na soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Mimi nabeba maji lita moja na nusu, muhogo wa kuchemsha na ndizi mbili. Vinywaji vya kuongeza nguvu sivigusi, na kahawa ya kijiweni niliishusha kutoka vikombe sita hadi viwili, vyote kabla ya saa 10 jioni.

Nimtaje pia mwenzetu mwenye kisukari. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, akimeza asubuhi na asile mpaka jioni kwa kusubiri msafara, sukari inashuka. Dalili ni jasho jingi, kutetemeka, njaa kali, hasira isiyo na sababu, kuchanganyikiwa. Kwenye mkutano wenye kelele watu humdhania kalewa uraka au kachemka kwa ushabiki. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi kubwa. Subiri dakika 15, kama hajakaa sawa mrudishie, kisha apate chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kwa presha yenyewe, ukiona 180 kwa 120 usikimbie huku na huku. Kaa dakika 5, pima tena. Ikibaki hapo na huna dalili yoyote, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, macho kufifia, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, hiyo ni ya gari sasa hivi. Angalia saa dalili ilipoanza na uwaambie watakaompokea. Kuweka kidonge cha presha chini ya ulimi ili ishuke haraka ni hatari, kwa kuwa kushuka ghafla kunaweza kuukosesha ubongo damu. Kwa sisi wa Tandahimba njia ya kwenda hospitali ya rufaa ya Ligula, Mtwara mjini, ni ndefu, hivyo namba za madereva wawili wenye magari zimebandikwa nyuma ya mlango, na mmoja wao ni wa chama kingine. Nilimwomba mwenyewe, na alikubali kabla sijamaliza kusema.

Sauti inahitaji neno moja. Ikikauka, nyamaza, usinong'one, kunong'ona nako kunachosha. Tangawizi na ndimu vinaburudisha koo tu. Ikipita wiki tatu bado imekwama, muone daktari hata kama uchaguzi haujaisha.

Siku ya kura kwa wakala ina mambo yake. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, lakini kura zinahesabiwa palepale kituoni, kwa hiyo unaweza kutoka usiku. Lala saa 3 usiku uliotangulia, ukatae kikao cha "mwisho mwisho", kwa kuwa kisichopangwa kwa miezi miwili hakipangiki usiku huo. Beba dawa, maji, chakula cha mara mbili, tochi na kalamu mbili. Kula saa 6 mchana, hata kama foleni ni ndefu, kwa kupeana zamu na wakala wa upande mwingine mliyekula kiapo naye kituo kimoja. Wakala mwenye njaa anasaini fomu asiyoisoma. Ukimaliza, peleka nakala inakotakiwa na urudi nyumbani. Kukesha ukisubiri matokeo ya majimbo ya mbali hakuongezi kura hata moja, na vipimo vyangu vya asubuhi baada ya mikesha ya namna hiyo vilikuwa juu kwa kati ya 15 na 20 kuliko siku nilizolala.

Baada ya matokeo nilijiwekea siku 14. Asubuhi ya kwanza ni shambani, umeshinda au umeshindwa, kwa kuwa korosho za siku mbili ziko chini. Siku ya pili namtembelea jirani mmoja wa upande wa pili, bila kutaja kura, nikiwa na mkungu wa ndizi au kilo ya mbaazi. Mwenye kushinda asipite na ngoma mbele ya nyumba ya aliyeshindwa. Mwenye kushindwa ategemee usingizi mbovu kwa siku kadhaa. Zikipita wiki mbili bado halali, hali, na hana hamu ya kazi wala ya watu, aende kituo cha afya aseme hivyohivyo. Hilo nalo lina tiba. Wiki ya pili napima tena presha siku 7 kama mwanzo. Mara ya mwisho wastani ulikuwa 132 kwa 82, na nilipompelekea mganga daftari aliniambia niendelee na miligramu zilezile.

Fedha ya kwanza ya mnada ikiingia, tunaigawa siku hiyohiyo mezani, mimi na mama Salma: ada na sare, chakula cha miezi ya mvua, salfa ya msimu ujao, jando. Kopo la siasa linakuwa la mwisho kujazwa, na mwaka usio na uchaguzi linapata nusu.